Wanafunzi Weusi wa Marekani na Walimu Waliofuatana Nao

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za yule Mkushi, mwenye kuangalia hazina ya malkia wake, aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu. Mtu yule alikuwa na gari, alikuwa na chuo cha nabii Isaya mkononi, tena alijua kusoma. Hata hivyo maneno aliyoyasoma hayakumfungukia, mpaka Filipo alipolikimbilia gari, akamwuliza kama anayafahamu, kisha akapanda akaketi pamoja naye. Kitabu alikuwa nacho tangu mwanzo. Alichokosa ni mtu wa kuketi kando yake.

Twaikumbuka habari hiyo kwa kuwa twataka kuwaeleza wasomaji wetu mambo ya ndugu zetu watu weusi wa Marekani, jinsi walivyosaidiwa kusoma na jinsi walivyosaidiana wenyewe, tangu siku za utumwa hata kufika katika vyuo vyao vya leo. Huenda mtu wa Same au wa Mbaga akauliza, Mambo ya Marekani yatuhusu nini sisi wa milimani? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu ya habari hii ilivuka bahari ikafika Afrika ya Mashariki, na miaka mingi baadaye neno moja la Kiswahili likavuka kwenda kwao. Pili, taabu waliyoipata wao katika vyuo vyao ndiyo taabu tunayoiona sisi katika shule zetu.

Sisi Wapare twajua kujenga. Wazee wetu walichimba mifereji na ndiva za kuhifadhi maji kabla ya Mzungu yeyote kupanda milima hii, na desturi ya msaragambo ilimwita kila mtu mwenye nguvu kutoka na jembe lake. Walipokuja wamisionari wa Leipzig Shigatini katika mwaka wa 1900, na Waadventista Mamba Giti katika mwaka wa 1903, shule zilianza kuenea kijiji kwa kijiji. Vita ya 1914 ilipokuja, na hata mwaka wa 1920 Wajerumani walipoondolewa nchini, walimu Waafrika ndio waliobaki na watoto. Mwalimu wa siku zile hakukaa mbali. Aliishi kijijini, akajua ni mtoto wa nani aliyekosa shule leo, na kama amekosa kwa homa au kwa mbuzi. Tukilishika jambo hilo moja akilini, habari ya Marekani itatuelea.

Utumwa ulikomeshwa Marekani katika mwaka wa 1865. Kabla ya hapo, katika majimbo mengi ya kusini, sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Kwa hiyo walipowekwa huru, wazee wenye mvi waliketi kwenye benchi moja na wajukuu wao kujifunza herufi. Shule zilijengwa, nyingi kwa michango ya makanisa na kwa mikono ya watu wenyewe. Lakini serikali za majimbo ziliwapa watoto weusi sehemu ndogo sana ya fedha, nyumba mbovu na vitabu vilivyochakaa. Mwalimu mmoja huko mashambani alibaki peke yake na watoto wa umri wote, hana wa kumshauri wala wa kumtia moyo.

Katika hali hiyo alitokea Bibi Virginia Randolph. Alizaliwa katika mwaka wa 1870 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, na wazazi wake walikuwa wamepitia utumwa. Akawa mwalimu wa shule ndogo huko Henrico. Aliisafisha nyumba ya shule, akaitengeneza bustani, akawafundisha watoto kusoma na kuhesabu, pamoja na kushona, kusuka vikapu na kupika. Siku za mapumziko alikwenda nyumbani kwa wazazi kuwaeleza kwa nini mtoto asiachishwe shule. Katika mwaka wa 1908 yeye na wanafunzi wake walipanda miti kumi na miwili, wakaipa majina ya wale mitume kumi na wawili.

Mwaka uliotangulia, mama mmoja wa dhehebu la Kwekeri katika mji wa Philadelphia, jina lake Anna Jeanes, alikuwa ametoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za vijijini za watu weusi. Msimamizi wa elimu wa Henrico, Bwana Jackson Davis, alipoiona kazi ya Bibi Randolph, aliomba fedha za mfuko huo zimlipe ili aache darasa lake moja na kuzizungukia shule 23 za wilaya. Hivyo katika mwaka wa 1908 akawa wa kwanza wa wale walioitwa walimu wa Jeanes. Kazi yao haikuwa kukagua na kuandika makosa ya watu. Mwalimu wa Jeanes alifika shuleni, akatazama mwalimu mwenzake amekwama wapi, akashika chaki au sindano akafanya kazi pamoja naye, kisha akaenda nyumba kwa nyumba. Walimu wa namna hii, wengi wao wanawake, walifanya kazi katika majimbo ya kusini kwa miaka sitini, hata mwaka wa 1968.

Sasa ona jinsi habari hii ilivyofika kwetu. Katika mwaka wa 1924 tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama shule, ikafika Tanganyika pia. Kiongozi wake alikuwa Bwana Thomas Jesse Jones, na katika wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aggrey alikwenda Marekani katika mwaka wa 1898, akasoma katika chuo cha Livingstone, chuo cha kanisa la watu weusi, kisha akafundisha hapo hapo. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki walikuwa hawajapata kumwona mtu mweusi mwenye elimu ya namna hiyo akiketi katika baraza moja na wakubwa wa serikali. Mwaka uliofuata, 1925, Gavana Donald Cameron aliita mkutano wa elimu Dar es Salaam, serikali na misheni wakashauriana juu ya shule. Na katika mwaka huo huo shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Walimu walikwenda huko pamoja na wake zao, na baada ya mafunzo wakarudi makwao kuzizungukia shule za vijiji, kama alivyofanya Bibi Randolph.

Hata hapa msomaji atasema, Habari hii ni njema tupu. La, si tupu, na tusingekuwa wakweli kama tungeficha upande wake wa pili. Wengi wa waliotoa fedha kwa shule za watu weusi walikuwa wameamua mapema ni wapi mwanafunzi mweusi akome. Walisifu elimu ya mikono, useremala, kilimo na ufuaji, kama ilivyofundishwa katika chuo cha Hampton tangu 1868 na cha Tuskegee tangu 1881. Kazi ya mikono ni ya heshima. Bwana wetu mwenyewe alikuwa seremala. Ila wengine waliisifu kwa sababu hawakutaka mtu mweusi awe mwanasheria, tabibu au mwenye kupiga kura. Dakta W. E. B. Du Bois, mwanachuoni mweusi aliyepata shahada ya juu ya Harvard katika mwaka wa 1895, alilipinga wazo hilo kwa miaka mingi. Katika mwaka wa 1926 akaandika kwa ukali juu ya tume ya Phelps-Stokes, akihofu ya kwamba Waafrika nao watapimiwa elimu fupi. Na wazee waliosoma siku za ukoloni wajua ya kuwa hofu yake haikuwa bure.

Basi tumekwisha kupata mizani miwili ya kupimia kila msaada wa elimu. Wa kwanza wauliza, Je, msaada huu wafuatana na mwanafunzi njiani? Wa pili wauliza, Je, wamwacha afike mbali kadiri Mungu alivyomjalia, au umemwekea mpaka? Bibi Randolph alizishinda sheria za nchi yake kwa mizani ya kwanza. Du Bois aliililia ya pili. Msaada unaopungukiwa na mmoja katika hayo mawili ni nusu msaada.

Twende sasa kwenye vyuo. Marekani wana vyuo vya miaka miwili, viitwavyo vyuo vya jamii. Cha kwanza kinachodumu hata leo kilianza Joliet, jimbo la Illinois, katika mwaka wa 1901. Ada yake ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu, na mlango wake ni mpana: aliyemaliza sekondari, mama mwenye watoto, mtu wa kazi ya usiku, wote hupokewa. Mwanafunzi aweza kujifunza ufundi, au kusoma masomo ya mwanzo na kuhamia chuo kikuu. Kwa hiyo watu maskini wengi, na katika hao watu weusi wengi, huanzia huko.

Lakini mlango huo haukuwa wazi kwa wote tangu mwanzo. Katika majimbo ya kusini weusi na weupe walitengwa. Jimbo la Florida lilikuwa na vyuo kumi na viwili vya jamii vya watu weusi. Cha kwanza kilianza Pensacola katika mwaka wa 1949, kikaitwa kwa jina la Booker T. Washington. Baada ya mahakama kuu kukataza ubaguzi wa shule katika mwaka wa 1954, na sheria ya haki za raia kutoka katika mwaka wa 1964, vyuo vile vyote vilifungwa katika miaka hiyo ya sitini, na wanafunzi wakaambiwa waende katika vyuo vilivyokuwa vya weupe. Kuvunjwa kwa ubaguzi kulikuwa haki, wala hatusemi vingine. Lakini pamoja na ukuta ule iliondoka na nyumba ambamo mwalimu alimjua mwanafunzi, akalijua kanisa lake na shida ya mama yake. Mlango mpya ulifunguliwa, na mara nyingi nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumpokea aliyeingia.

Ndipo ilipoanza mipango ya kuwasaidia wanafunzi waliokwisha kuingia. Kwa sheria ya elimu ya juu ya 1965 na nyongeza zake, serikali ya Marekani ilianza kutoa fedha za kuwatayarisha vijana wa maskini kabla ya chuo, na kuwapa washauri na walimu wa ziada wakiwa chuoni. Katika mwaka wa 1969 jimbo la California liliweka mpango wake lenyewe kwa vyuo vyake vya jamii, wenye mshauri, fedha ya vitabu na mafunzo ya ziada. Mambo hayo yaliwafaa wengi. Ila lilikuwapo shimo jingine. Mwanafunzi aliyefika chuoni alipewa mtihani wa Kiingereza na hesabu, na akikosa alirudishwa kwenye masomo ya maandalizi, ambayo hayakuhesabiwa katika cheti chake. Mwingine alipangiwa madarasa mawili au matatu ya namna hiyo, mmoja baada ya mwingine, akilipa fedha na kupoteza miaka. Wengi waliingia katika maandalizi hayo wasitoke, na wanafunzi weusi walitumwa huko kupita wengine. Kwa sheria ya mwaka 2017 jimbo la California liliamuru ya kwamba mwanafunzi apewe nafasi ya kuanza masomo yenyewe, na msaada umkute humo humo darasani.

Hapa ndipo neno letu linapoingia. Katika miaka ya 1960 watu weusi wa Marekani waliokuwa wakitafuta asili yao walikipenda Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya Waafrika wa makabila mengi. Tangu mwaka wa 1966 wengi wao huadhimisha sikukuu ya Kwanzaa, yenye misingi saba iliyopewa majina ya Kiswahili, na wa kwanza ni Umoja. Katika mwaka wa 2006 walimu na washauri wa vyuo vya jamii vya California waliunda chama cha kuwasaidia wanafunzi weusi, wakakiita kwa neno hilo hilo, Umoja. California ina vyuo vya jamii 116, na mpango huo umeenea katika zaidi ya nusu yake. Wanafunzi husoma kwa kundi moja, si kila mtu peke yake. Mshauri na mwalimu hufanya kazi pamoja. Vitabu na mambo ya watu weusi huwa sehemu ya masomo, ili mwanafunzi asijione mgeni katika elimu. Na katika vyuo vingi wana chumba chao cha kukutania, ambacho hukiita kwa neno lenye maana ya kijiji. Watu waliochukuliwa kutoka vijiji vya Afrika kwa minyororo wametafuta kijiji tena ndani ya chuo, wapate mahali pa kuulizana hali!

Mtu aweza kuuliza kama mambo hayo ya upole yazaa matunda ya kuhesabika. Tutazame mji wa New York. Katika mwaka wa 2007 chuo kikuu cha mji huo kilianza mpango katika vyuo vyake vya jamii, ambavyo wanafunzi wake wengi ni weusi au ni wa asili ya Amerika ya Kilatini. Waliojiunga walipaswa kusoma kwa muda wote. Walipewa mshauri mwenye wanafunzi wachache, ambaye ilikuwa lazima kuonana naye mara kwa mara. Walipewa mafunzo ya ziada, vitabu, nauli ya kila mwezi, na upungufu wa ada ulilipwa. Wachunguzi waligawanya wanafunzi kwa kura katika makundi mawili, wengine katika mpango na wengine nje yake. Baada ya miaka mitatu, katika kila 100 waliokuwa nje walimaliza 22. Katika kila 100 waliokuwa ndani walimaliza 40. Gharama ya kila mwanafunzi ilizidi, lakini walipohesabu gharama kwa kila aliyemaliza, ilipungua. Mwenye shamba ataelewa: apaliliaye hutumia siku nyingi kuliko asiyepalilia, lakini debe lake la mahindi humgharimu kidogo zaidi.

Na sasa turudi milimani. Tangu mwaka wa 2004 nchi yetu ilianza kujenga shule za sekondari kwa wingi katika kata, na hapa Upareni mawe na mchanga vilibebwa na wananchi kama siku za msaragambo wa kale. Tangu 2016 ada imefutwa hata kidato cha nne. Tangu 1975 tunavyo vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo sasa ni 54 katika nchi nzima, ndugu wa vile vyuo vya jamii. Na tangu mwishoni mwa 2021 msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya uzazi ameruhusiwa kurudi shuleni. Haya yote ni milango, nasi twamshukuru Mungu na wote waliofanya kazi hiyo.

Lakini sisi walimu tuna neno la kuungama. Tulipata kumfundisha kijana mmoja aliyetoka shule ya msingi akiwa wa mbele darasani. Kule alisoma kwa Kiswahili. Sekondari akakuta kila somo kwa Kiingereza. Akanyamaza. Tulipomwuliza, alitazama chini, nasi tukamhesabu kuwa mvivu. Asubuhi alitembea mwendo mrefu kushuka mlima, jioni akapanda. Muhula wa pili akaanza kukosa siku, kisha akaacha kabisa. Katika daftari la mahudhurio tuliandika alama yetu kila siku bila kukosa, wala hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwao kuuliza. Baadaye tukamwona stendi ya Same akibeba mizigo ya abiria. Alitusalimu kwa heshima, Shikamooni walimu, nasi tukakosa la kusema zaidi ya Marahaba. Bibi Randolph angalikwenda kwao juma la kwanza.

Je, tufanye nini? Hatuna dola milioni moja za mama Jeanes. Lakini tazama yale yaliyofaa katika habari hii yote: si mengi yanayohitaji fedha nyingi. Nyumba ya kanisa hukaa tupu siku nyingi za juma. Vijana wa kidato cha kwanza waweza kukutana humo jioni mbili, wasome Kiingereza na hesabu kwa kundi, wakiongozwa na kijana aliyemaliza au mwalimu mstaafu. Kila mtoto anayeingia sekondari aweza kupewa mtu mzima mmoja wa usharika, anayelijua jina lake, na ambaye akisikia amekosa shule siku tatu atakwenda kwao kabla ya siku ya nne. Wazee waweza kuwasimulia vijana habari za mifereji na ndiva, na jinsi walimu wa kwanza walivyoshika kazi peke yao, ili wajue ya kuwa elimu si kitu cha kuazima kwa watu wengine. Na tusimwambie binti wa mkulima, Wewe yakutosha kushona, wala kijana, Wewe yakutosha kuendesha pikipiki. Kama apenda kushona na ashone vema. Lakini mpaka wa safari yake tusimwekee sisi.

Filipo hakulichukua lile gari kulielekeza alikotaka yeye. Aliketi ndani yake, akamweleza Mkushi alichokuwa akikisoma, na alipoondoka, yule mtu aliendelea na njia yake mwenyewe akifurahi. Wazee wetu waliitika msaragambo wa maji, na baba zetu msaragambo wa kuta za shule. Basi ndugu, msaragambo wa kizazi hiki na uwe wa kufuatana na mtoto aliyekwisha kuingia mlangoni, mpaka amalize. Muhula mpya unakaribia. Kila msomaji wetu na atafute jina la mtoto mmoja.